Masharti ya Delmar

Benchi la dukani kwa Wanda limebanwa kati ya ukuta na magunia ya chakula cha ng'ombe, na mguu wake mmoja ulishavunjika, wakauwekea tofali. Asubuhi za Januari, wengine wakiwa bado wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari, wenye benchi wameshakaa zamani. Kahawa ni ya bure mradi ununue mkate wa peperoni, ule wenye soseji ndani, na wapo wanaoutafuna mkate mmoja mpaka adhuhuri bila haya. Katika milima hii ya West Virginia kila mtu ana maoni juu ya gesi iliyo chini ya shamba la mwenzake. Siku hiyo zamu ilikuwa ya shamba la Delmar Ankrom, na Delmar mwenyewe, mtu mpole asiyependa kelele, ndiye aliyeyataka. Alikuja kuomba ushauri, na ukiomba ushauri kwenye benchi lile ujue siku yako imekwenda.

— Wakala wa kampuni ya gesi anakuja kwangu mchana, — alisema Delmar. — Nataka nijue nimkabili vipi.

Jaji akaweka kikombe chini. Hajapata kuwa jaji hata siku moja. Aliwahi kuitwa mahakamani pamoja na raia wenzake kusikiliza na kuamua kesi ya trela lililoibwa, akarudi na jina hilo, na tangu hapo hajanyamaza.

— La kwanza, usitie saini.

— Sijatia.

— La pili, usimchekee. Ukicheka tu umelegea, na wale wanajua kusoma meno ya mtu. Yeye atakuja na mrabaha wa moja ya nane ya mauzo. We unasema robo, halafu unafunga mdomo.

— Robo kabla ya makato, — akadakia Bomba, aliyezeeka akiunga mabomba ya gesi na sasa magoti yamemsusa. — Usiposema kabla ya makato umekwisha. Watakukata gharama ya kuisafisha, ya kuisukuma, ya kuisafirisha, mwisho unaletewa cheki ya kununulia soksi. Muulize shemeji yangu Clayton.

— Clayton alisaini kwenye boneti ya gari, — alisema Wanda kutoka kaunta. — Tena alikuwa anawahi kwenda kuwinda.

Delmar alikuwa akiwasikiliza huku akizungusha kikombe. Hela hakuzikataa, nani anazikataa, ila si hela zilizomkosesha usingizi. Shamba lake lote ni mteremko, isipokuwa uwanda mmoja kando ya kijito, na kwenye uwanda huo ndipo anapokata nyasi za kulishia ng'ombe msimu wa theluji. Mtambo wa kuchimbia nao hausimami kwenye mteremko. Wiki iliyopita wakala alishinda pale akichomeka vijiti vyenye utepe.

— Mimi nina sharti moja tu, — alisema. — Wasiguse uwanda. Wachimbe kwa jirani, wapite chini kwa chini, gesi wachukue. Uwanda waniachie.

— Sharti moja? — Jaji alimtazama kwa huruma. — Delmar, ndugu yangu, mtu haendi kwenye mazungumzo na sharti moja. Unakwenda na ishirini ili ubaki na hilo moja.

— Renee anarudi, — alisema Delmar.

Renee ni binti yake, yuko mjini Columbus mwaka wa kumi na mbili sasa, na kila mtu pale alijua jinsi Delmar na mkewe Arlene walivyomngoja. Alikuwa amesema anaacha kazi, anakuja kuchukua ng'ombe na shamba. Ila alisema wazi: baba, uwanda ukiwepo nakuja, usipokuwepo nije kulisha ng'ombe nini?

— Basi tukaze, — alisema Bomba. — Andika na hili: gesi ya jirani ikihamia chini yako ni yako. Maana gesi inatembea, jamani. Mi nimeisikia kwenye mabomba usiku. Inamkimbia aliyesaini inakwenda kwa asiyesaini.

— Uongo huo, — alisema Jaji.

— Uongo? We umekaa miaka yote karani wa duka la rangi, utajuaje?

— Mi namwambia adai kwa kina, — alisema Jaji. — Kila tabaka la mwamba na mkataba wake. La juu robo, la pili theluthi, na wakifika kusikojulikana wapige simu kwanza.

— Wakifika motoni je? — aliuliza Bomba.

— Hata huko. Shamba ni lake mpaka katikati ya dunia, na akitokezea upande wa pili hao Wachina nao wamlipe.

— Mwambie na barabara, — alisema Wanda. — Waitie lami mpaka hapa dukani.

— Barabara yako inahusiana vipi na shamba lake? — aliuliza Jaji.

— Kahawa mnayokunywa inahusiana vipi na mimi?

Delmar akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alianza kuamini. Kichwani alimwona wakala akikuna shingo, akisema haya mzee, uwanda tunakuachia, nyumba yako sasa ina masharti mengi kuliko benki. Bomba alikuwa ameshafika kwenye kudai helikopta ya kuwapeleka hospitali wakati wa mafuriko, na Jaji hakuikataa, alitaka tu iwe na viti vinne.

Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia na mtu. Alikuwa yule mgeni aliyenunua nyumba ya kina Wiley baada ya kustaafu, jina lake Gerald, bado anavaa viatu vya mjini. Wanda akampa kahawa bila mkate, kwa kuwa mgeni hajui sheria.

— Samahani wazee, — alisema, — nyie huku mnapasha moto nyumba kwa kutumia nini? Mtungi wa gesi nimejaza juzi, leo unasoma robo.

— Pole, — alisema Delmar, na kwa kuwa moyo ulikuwa umechangamka akaongeza: — Mimi silipi hata senti. Kisima cha gesi kiko nyuma ya ghala. Babu yangu alipowakodishia watu wa gesi walikubaliana nyumba ipate ya bure, maadamu kisima kinatoa. Wengi huku ndivyo tunavyoishi.

— Na bado kinatoa? Cha enzi za babu?

— Kingekuwa kimeshakufa. Ni mimi ninayekiweka hai. Maji yanajaa kwenye bomba, usipoyatoa gesi haipiti. Kampuni haziji, zimeuziana kisima mpaka nimechoka kuhesabu. Basi natoa mwenyewe kila jioni, theluji iwepo isiwepo. Arlene kifua chake hakitaki baridi.

— Hiyo gesi inayobaki inakwenda wapi?

— Kwenye laini ya kampuni. Kidogo tu. Kubwa ni la leo, wakala anakuja mchana kukodi gesi yote iliyo chini.

Gerald alipuliza kahawa yake. Hakuwa na ujanja wowote, alikuwa anataka kuelewa.

— Kwa hiyo mkataba wa babu bado uko hai, — alisema. — Sasa huyu wa leo anakuja kukodi nini?

Bomba aliangalia magunia. Maneno yale, maadamu kisima kinatoa, hakuna mtu katika milima ile asiyeyajua. Hata watoto wanajua kwamba kisima kikitoa, mkataba unaishi, na unaishi juu ya shamba zima. Na kisima cha Delmar walikijua wote, wameota moto wake miaka na miaka jikoni kwa Arlene. Lakini gesi ya nyumbani nani anaiita mkataba? Waliihesabu pamoja na mvua.

— Delmar, — alisema Jaji kwa sauti ndogo, — huyo wakala alikutajia asilimia yoyote?

— Hapana.

— Alisema anakuja kufanya nini hasa?

— Kunionyesha barabara ya malori itapita wapi. Nilidhani anajifanya mjanja, asianze yeye kutaja bei.

— Na kisima sasa hivi ni cha nani?

— Walibadilisha kibao mwaka juzi. Ni jina lile lile lililo kwenye gari lake. Mi nilifikiri ni watu mbalimbali, wa visima vya zamani na wa vipya.

Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Kampuni ilikuwa na mkataba tayari: moja ya nane ya babu, shamba lote juu mpaka chini, na hata neno moja juu ya uwanda halimo, maana enzi za babu mtambo ulisimama kwenye nafasi ndogo kama ya zizi.

— Acha kutoa maji, — alisema Bomba. — Basi. Hakuna sheria inayokulazimisha. Kikinyamaza, mkataba unakufa wenyewe.

— Baada ya muda gani?

— Inategemea, — alisema Jaji. — Mwaka. Labda zaidi. Na sasa hivi wakiona kimenyamaza watatuma mtu kesho yake.

— Kingekufa zamani, — alisema Delmar. — Miaka ile hawakuwa wanakitaka. Kingekufa chenyewe wala wasingejua, shamba likarudi kwangu bure. Mimi ndiye niliyewatunzia.

Gerald alianza kuomba radhi, Wanda akamwashiria anyamaze. Akainua birika ammiminie Delmar, halikuwa na kitu.

Delmar alisimama, akavuta zipu ya koti mpaka kidevuni.

— Utamwambiaje Renee? — aliuliza Bomba.

— Sijui.

— Basi kaa. Unakimbilia wapi, wakala si mpaka mchana?

— Redio imesema baridi inazidi, — alisema Delmar. — Arlene yuko peke yake ndani. Nakwenda kutoa maji.