Bwana Huenda na Ukanda wa Kijivu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwenzetu wa Kitengo cha Ramani na Picha za Setilaiti anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Angeandika mwenyewe, angesema ni kati ya thelathini na thelathini na miwili, kutegemea unaanza kuhesabu siku alipoajiriwa au siku alipopata kiti cha kukalia. Ofisi nzima inamwita Bwana Huenda, na hata mlinzi wa getini, ambaye kazi yake ni kujua majina ya watu, hamjui kwa jina jingine. Kamati ya sherehe imeniomba mimi wa chumba cha kuchapia niandike wasifu huu, eti kwa sababu nimegombana naye kuliko mtu yeyote na bado tunakunywa chai meza moja.

Alianza kazi enzi za kalamu, rula na karatasi za plastiki. Picha za setilaiti zilipoingia ofisini, sisi wengine tulishangilia. Kila kitone cha picha kilikuwa na upana wa mita thelathini. Ndani ya kitone kimoja ungeweza kuweka nyumba, choo, migomba miwili na kona ya barabara, halafu kompyuta ikakutangazia bila haya kwamba hapo pana majani mafupi. Tuliona ni maajabu. Yeye aliuliza imejuaje, na tukamwona mtu wa kuharibu sherehe.

Jibu lilipatikana mapema. Ramani ya kwanza iliyochorwa na kompyuta ilionyesha kwamba jengo letu, kwa sababu ya paa lake lililopakwa lami nyeusi, ni bwawa. Mkurugenzi wa wakati ule aliagiza ifutwe kabla wageni hawajafika. Bwana Huenda aliitundika kwenye korido, na chini yake akaandika kwamba watumishi wa bwawa hili wanawakaribisha na wanaomba radhi kwa usumbufu. Wageni walipanga foleni kupiga picha nayo. Mkurugenzi alicheka kwa meno tu, macho yakabaki kazini.

Halafu ukaja mwaka wa aibu yetu kuu. Tulilaza ramani ya zamani juu ya picha mpya bila kukumbuka kwamba kila moja ilianza kupima kutoka alama yake. Mto ukahamia kwenye barabara ya lami, na soko likahamia mtoni pamoja na mabucha yake. Tukachapisha, tukagawa, tukapongezana. Simu zikaanza kuingia, za watu waliotaka kujua kama waje na ndoo. Tangu hapo akaanzisha desturi yake: kila mpaka anaouchora lazima uzungukwe na ukanda wa kijivu, wenye maana kwamba mpaka uko mahali fulani humu ndani, na zaidi ya hapo tusidanganyane.

Niseme ukweli, ukanda ule nimeuchukia. Wino wa kijivu ulikuwa ukiisha kabla ya rangi nyingine zote. Wakubwa nao waliuchukia kwa sababu zao. Mkubwa akiuliza msitu unaishia wapi anataka mstari, hataki kuonyeshwa ukungu. Vikao vingi viliitishwa kumshauri aachane nao. Alikuwa akisikiliza kwa adabu zote, anaitikia kwa kichwa, kisha anarudi na ramani ileile ikiwa na ukanda mpana zaidi, kwa kuwa wamemfanya akague upya na amegundua mambo mengine asiyoyajua.

Alitufundisha pia kutoka nje kwa miguu, jambo ambalo viatu vyetu havijamsamehe. Mashamba ya mpunga yaliyosifiwa katika taarifa yetu ya mwaka aliyakuta ni kiwanja cha mpira kilichotuama maji, na timu mbili zimesimama pembeni zikinung'unika. Vijana wote wanaokagua picha leo wamepita mikononi mwake. Ukiwauliza swali dogo kama mkutano ni saa ngapi, wanakujibu kwa makadirio, na hilo tunamlaumu yeye.

Mwaka jana tuliagizwa kuchora kiwango cha mafuriko kando ya mto. Nyumba zilizo chini ya kiwango zingebomolewa, zilizo juu zingebaki. Lakini urefu wa ardhi tuliokuwa nao ulipimwa kutoka angani, na ungeweza kukosea kwa kimo cha mtu mzima. Kamati ya ubomoaji haikutaka kujua hayo. Ilichukua mstari wa katikati, ikapita mtaani na ndoo ya rangi nyekundu, ikaweka alama milangoni. Fundi cherehani mmoja, mjane mwenye wateja hadi uani, aliwekewa alama juu ya mlango alioupaka rangi wiki ileile. Bwana Huenda alikwenda kumweleza kwamba nyumba yake iko ndani ya ukanda wa kijivu, na kwamba hajui kama iko juu au chini. Mama yule alimtazama kama mtu aliyekuja kukopa.

Jirani wa fundi huyo, nyumba ya geti la bluu, naye alikuwa amewekewa alama. Jirani mwenyewe ni Bwana Huenda. Yeye na mkewe, shemeji yetu, wameijenga nyumba hiyo chumba kimoja kimoja, ili wastaafie hapo.

Hapo ndipo ofisi nzima ilipogundua uzuri wa kijivu. Kwenye korido watu walinong'ona kwamba kumbe shaka lina faida. Mkurugenzi wetu wa sasa alimwita, akamwambia kwa upole kwamba ukanda ubaki vilevile, nyumba zote zilizomo zisiguswe, naye astaafu kwa amani. Ofa ya kiungwana. Kwa mara ya kwanza mkubwa alikuwa akimwomba asijue.

Alikataa. Alisema maji hayatasoma ramani kabla ya kuingia vyumbani mwa watu, na kama hatujui, basi tukapime. Akaomba wapima ardhi wa ofisi nyingine, watu wasiomjua, wapime kizingiti cha kila nyumba iliyo kwenye ukanda, na waanze na geti la bluu. Yeye mwenyewe alisimama ng'ambo ya barabara pamoja na fundi cherehani, mikono mfukoni, ili asije akashika chombo.

Geti la bluu likaonekana liko chini. Si kwa kimo cha mtu, ni kwa urefu wa mkono hadi kiwiko, lakini chini, na kipimo hicho hakikuacha kijivu chochote. Nyumba ya fundi iko juu. Zaidi ya nusu ya mtaa uko juu, na alama nyekundu zimefutwa. Bwana Huenda alitia sahihi ramani ya mwisho, nami nikaichapisha. Wino wa kijivu ulibaki tele, na sikuufurahia hata kidogo.

Mabati yake tuliyashusha wenyewe Jumamosi moja, na yako kwenye stoo yetu hadi apate kiwanja. Fundi cherehani amewapa vyumba viwili. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Waliokuwa na hakika walikuja na rangi. Huyu alikuja akaniambia hajui, akaenda kutafuta."

Jambo la mwisho shemeji ameniruhusu niliandike. Siku ya vipimo mumewe alirudi nyumbani akamweleza. Shemeji aliendelea kuosha vyombo mpaka vikaisha, akafuta mikono, ndipo akamuuliza, "Una hakika?"

Akajibu, "Ndiyo."

Shemeji anasema wameishi pamoja maisha marefu, wamelea watoto, wamezika wazazi, na hajawahi kupewa jibu hilo, hata alipomuuliza kama chai inatosha sukari. Ndipo akalia, naye akalia.

Asante, kaka, kwa kazi yote, pamoja na ile tuliyoilalamikia. Tunawatakia ninyi wawili maisha mema, mahali pakavu.