Hema la Mtumba

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la Fundi Cherehani, na nyie mnaopita mkatuona tumekaa msidhani hatuna kazi. Mimi nashona viatu hapo hapo mwisho wa benchi, sanduku langu miguuni. Kinyozi ni mlango wa pili, anatoka akikosa kichwa cha kunyoa. Breki aliendesha malori mpaka macho yakamkatalia, sasa anaendesha birika la kahawa tu, na kahawa hiyo ndiyo inayotuweka pamoja, maana kwa tabia tungeshaachana zamani. Fundi mwenyewe huwa hakai, anachangia akiwa dirishani huku mguu unakanyaga cherehani. Ijumaa ile alasiri alikuwa amekaa nasi, mikono mitupu, akiangalia hema kuukuu la kijani lililosimama mbele yetu, pale anapoanikia nguo za wateja. Binti yake alikuwa ndani, analijaribu.

Kesho yake binti alitakiwa kuondoka na wenzake kwenda tamasha la muziki, nje kabisa ya mji, walale uwanjani mpaka Jumapili. Hajawahi kulala nje ya nyumba ya baba yake. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, Fundi kamlea peke yake, na mpaka saa ile alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Binti tunamwita Redio, kwa sababu hazimi.

— Baba! akapaza sauti toka ndani ya hema. Nikinyoosha miguu inagusa kitambaa. Ulinikadiria kwa urefu wa nani?

— Hema halikadiriwi, si gauni hilo.

— Basi nilale nimejikunja kama jongoo? Mzee Breki, wewe umelala njiani miaka yote. Nibebe nini?

— Maji, akasema Breki. Sufuria. Na kufuli.

— Kufuli nifunge wapi, kwenye kitambaa?

— Ning'iniza hata kwenye zipu. Mwizi akiona kufuli anaheshimu.

Mimi nikamwambia abebe viatu vya kufunga kamba, aachane na ndala, uwanja wa watu wengi hauishi chupa zilizovunjika. Nani anisikilize? Hapa kijiweni ukisema jambo la maana wanakuangalia kama mtu aliyekohoa.

— Mimi ningekuwa na binti, nisingehofia wezi wala chupa, akadakia Kinyozi. Ningehofia spika.

— Spika zina nini?

— Zinapigwa mchana kutwa, ardhi inajaa mdundo. Wakizima, ardhi haizimiki. Nilimnyoa jamaa mmoja aliyetoka huko. Kichwa kimetulia, shingo imetulia, mguu unapiga sakafu, du, du, du. Namwambia bwana wee, tulia nitakukata. Ananiambia, si mimi.

— Si yeye, ni nani sasa?

— Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Akainuka akaenda zake na kichwa nusu.

— Uongo mtupu, nikasema. Ulimkata, akakimbia.

Redio huko ndani akacheka mpaka hema likatikisika. Breki alikuwa hacheki. Alinimiminia kahawa, akajimiminia, akaweka birika chini.

— Hiyo ya Kinyozi ni ndogo. Mimi nimepeleka majenereta kwenye hayo matamasha. Jioni unaona mahema, unayazoea, la njano lile pale, la bluu lile kule. Asubuhi ukiamka yameongezeka.

— Watu wamechelewa kufika, nikasema. Ajabu iko wapi?

— Wapite wapi? Lango nilikuwa nimeliziba na lori langu mwenyewe, nimelala humo humo. Na yale yaliyoongezeka yamefungwa. Hatoki mtu kupiga mswaki, hatoki mtu kutafuta choo. Tamasha likiisha kila mtu anang'oa vigingi vyake, yale yanabaki.

— Yanabaki mpaka lini?

— Mpaka waje wasafishaji. Wale hawana muda wa kuuliza, wanayakunja yalivyo, wanapakia, yanaenda kuuzwa.

— Nyie wazee! Redio akapiga kelele. Mnataka nisiende, semeni tu nisiende! Mnazunguka nini?

Nikamgeukia Fundi, nikitaka awakemee hawa wawili, maana ndiye mwenye mtoto. Uso wake haukunipendeza hata kidogo.

— Yanauzwa wapi? akamuuliza Breki.

— Popote pale. Kwenye mitumba.

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa uzi. Uzi mweusi, mnene, umejikunjakunja kama unavyokuwa ukifumuliwa kwenye mshono wa siku nyingi. Akauweka kwenye goti lake na kushusha sauti, tukalazimika kumwinamia wote, vichwa vikagongana.

— Nilitaka ninyamaze, lakini nimeshindwa. Hili hema nililitoa kwenye robota la mapazia ya mtumba. Mlango wake ulikuwa umeshonwa. Zipu nzima, haina kasoro, halafu juu yake mtu kashona kwa mkono, toka chini mpaka juu. Nikasema, labda walilifunga lisifunguke kwenye mzigo. Nikafumua. Sikutazama. Mtu mzima mimi, fundi wa miaka yote hii, nikafumua kwanza ndipo nikatazama.

— Ukaona nini?

— Mafundo. Mtu akishona, fundo linakaa upande aliopo yeye, ndiko mkono wake uliko. Haya yote yalikuwa ndani.

Tukauangalia ule uzi. Pale kwenye hema zipu ikalia, zzzip, nikajua Redio amejifungia ndani, mbu wasiingie. Fundi akasema "haya, haya" kama mtu anayeondoa nzi, akaendelea.

— Nikalikagua lote. Sakafu imeshikana na kuta, haina kiraka, haina mchano, haina tundu la kidole. Kama alikuwa ndani, alitokea wapi?

— Alikuwa anaota huku anatembea, akasema Kinyozi. Wapo watu hao. Kajishona asije akaingia barabarani.

— Swali ni alitokea wapi, nikamwambia, si kwa nini alishona!

— Kuna kitu kilikuwa kinamwita nje, akasema Breki. Kinamwita kwa jina, kwa sauti ya mtu anayemjua. Akaona nikikaa hivi hivi nitatoka. Akajishona. Hakutoka.

— Bwana, hema lilikuwa limekunjwa ndani ya robota! Mtu hakunjiki.

— Inategemea mtu, akasema Kinyozi.

Hapo nikakasirika kweli. Nikawaambia wana akili za kuku, wanamtisha mzazi mwenzao siku moja kabla mtoto hajasafiri, na kama wana huruma yoyote wanyamaze. Wakanyamaza. Ukimya ule haukunisaidia, kwa sababu ndani ya hema nako kulikuwa kimya, na yule mtoto si wa kunyamaza.

— Redio, nikaita. Umelala?

— Umelala, akajibu.

— Betri zimeisha hizo, akasema Kinyozi. Leo amechoka.

Nikaridhika. Sauti ilikuwa yake, ila ilikuwa kavu, ya mtu aliyeamka sasa hivi. Fundi akainua kichwa akalitazama hema, mikono ameibana katikati ya magoti. Nimemjua Fundi miaka mingi, nimemwona akizika mke, sikuwahi kumwona akiongea vile mbele za watu.

— Mwanangu, nisikilize. Mimi naogopa. Siogopi muziki, wala vijana wenzako, wewe una akili. Naogopa nyumba ikiwa haina sauti yako. Sasa niahidi kitu kimoja. Ukiwa huko usiku, mtu akikuita jina, hata kama ni sauti yangu, usiitike. Umenisikia?

— Umenisikia.

— Sema sitaitika.

— Sitaitika.

Fundi akafuta macho kwa kiganja. Breki akajifanya anatafuta kitu ndani ya birika.

— Basi nenda, akasema Fundi. Nimekubali. Nenda kwa moyo mweupe, mwanangu.

— Nenda kwa moyo mweupe, hema likajibu.

Nilitegemea kelele. Nilitegemea atoke mbio, amrukie baba yake shingoni, aanze kucheza pale pale kwenye vumbi, maana ruhusa ile alikuwa ameililia mwezi mzima. Hakutoka. Tukawa tunaangalia kile kitambaa kilichopauka. Hakikuwa kinatikisika tena, na upepo ulikuwepo, mashati ya wateja kwenye kamba yalikuwa yanapepea. Kisha ikaja sauti, karibu kabisa na zipu, taratibu, kwa adabu zote:

— Hodi.

— Karibu, akasema Fundi. Karibu, pita.

Msimlaumu. Mtu huyu kutwa yuko kwenye cherehani, wateja wanabisha hodi na yeye anaitikia bila kuinua kichwa, mdomo umeshazoea. Tena tulicheka. Wallahi tulicheka! Breki akasema sijapata kuona mtu aliye ndani akawapigia hodi walio nje. Kinyozi akasema siku hizi watoto wamegeuza kila kitu.

Zipu ikaanza kushuka. Haikushuka kwa mvuto mmoja kama mtu anavyofungua. Ilikwenda kidogo, ikasimama, ikaenda kidogo tena, kama mkono unaojifunza. Ilipofika chini mlango ukaanguka wazi, na sisi tukasubiri kichwa cha Redio kitokeze.

Hakikutokeza.

— Acha michezo, wewe, akasema Fundi. Akainuka, akapiga magoti mlangoni, akaingia mpaka kiunoni. Tulimwona akipapasa. Blanketi alilipapasa. Begi alilipapasa. Akapapasa pembe zote nne, akarudia, mkono unakwenda kasi zaidi.

— Baba, unanitafuta humo?

Redio alikuwa pembeni yetu, kwenye njia, anatokea upande wa madukani. Ameshika betri za tochi, anatafuna kitu, kanga begani.

— Mbona mnanitolea macho? Si nilikuaga, baba? Nilikwambia naenda dukani, ukanijibu haya, haya. Nikafunga na zipu yako kabisa mbu wasiingie. Nyie mlikuwa mmeinamia hicho kiuzi chenu kama mnasoma magazeti.

Kikombe kilinitoka mkononi, kahawa ikamwagika kwenye kiatu cha mteja, na sikujali. Breki midomo ilikuwa inacheza. Nilijua dua anayosoma, nikaisoma pamoja naye.

Fundi alitoka hemani kinyumenyume. Alimshika binti yake mabega yote mawili, akamtazama usoni, akamgusa shavu, akamgusa sikio. Halafu akatazama mlango wa hema ulio wazi, akautazama mlango wa duka lake ulio wazi, ambao kwa ndani ndiyo nyumba yao. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine hapakuwa na kitu katikati ila sisi kwenye benchi. Pazia la duka lilikuwa linacheza, kama mtu kapita sasa hivi.

— Unaondoka, akamwambia. Si kesho. Sasa hivi. Ukalale kwa shangazi yako, ni karibu na stendi, asubuhi muanzie safari huko huko.

— Umekubali? Redio akaruka juu. Baba, umekubali!

— Nimekubali. Kaa huko mpaka Jumapili. Kaa hata zaidi, nitakwambia siku ya kurudi.

— Ngoja basi nikachukue nguo zangu ndani.

— Usiingie ndani!

Alisema kwa sauti ambayo hata cherehani zake hazijawahi kuisikia. Redio akasimama. Kinyozi, wa kwanza kuinuka, akasema kwa upole kwamba mabinti wa shangazi wana nguo, ataazimwa, na yeye mwenyewe atamsindikiza mpaka kwa shangazi. Nikasema twende wote. Nilitamani kweli kwenda, sikutaka kubaki kwenye benchi lile hata dakika.

— Na hema? akauliza Redio.

— Liache. Utalala kwenye la wenzako.

Binti akamkumbatia baba yake. Alikuwa na furaha, maskini, alikuwa anacheka na machozi juu. Kisha akajitoa kidogo, akamtazama, na nikaona furaha ikimpungua, kwa sababu ni mtoto mwema na hajawahi kumwacha peke yake hata usiku mmoja.

— Lakini baba, akasema, wewe humo ndani utabaki na nani?

Fundi akaligeukia lile pazia la duka. Akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja, kama kuna anayejua.