Kilo Moja na Nusu ya Pastory

Kijiwe cha Mukendo, jirani na hospitali, kilikuwa na benchi moja, birika moja la kahawa na madaktari wawili ambao hawakuwahi kusomea udaktari. Wa kwanza ni Renatus, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Wa pili ni Wanzagi, aliyeitwa Waziri kwa kuwa ana jibu la kila kitu na kazi hana. Asubuhi hiyo mgonjwa wao alikuwa Pastory, mzee wa miaka hamsini na tisa. Mke wake mdogo alikuwa amejifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kiume wa kilo moja na nusu, na haikujulikana kama ataishi. Pastory alisema amekuja kunywa kahawa kidogo kisha arudi wodini. Ukweli ni kwamba aliogopa.

— Tatizo ni betri, alisema Redio. Miaka ile ya shida si tulikuwaga tunaanika betri juani? Zinaimba, lakini nusu wimbo. Mzee, wewe umeanikwa.

— Ng'ombe hazeeki maini! Pastory alijitetea.

— Mtoto hatengenezwi na maini, mura.

— Nina wanane kwa mama mkubwa, wote walizaliwa wananguruma!

— Ndiyo hiyo sasa. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Huyu wa tisa umekomba.

Pastory alicheka kwa aibu huku roho ikimuuma. Kama kosa ni uzee wake, basi mtoto akifa, yeye ndiye aliyemuua.

Waziri akamwokoa, kwa namna yake.

— Mwacheni mzee. Kosa ni la hii biashara huria. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, kichwa na mifupa. Basi na uzito wa watoto unapandaga ndege hiyohiyo.

— Acha uongo, alisema Redio.

— Nenda Ulaya ukawapime! Wanazaliwaga kilo saba, na meno. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia tu.

Wakati huo Hyasinta, mkunga wa zamu, alikuwa ameshafika nyuma ya benchi, kavaa gauni jeupe, karatasi mkononi.

— Baba, nimekutafuta wodi nzima.

— Mtoto, sista? aliuliza Pastory.

— Anapumua. Maziwa anapewa kwa kijiko. Nijazie hapa: mama yake ana miaka mingapi?

Birika zima lilikuwa limeisha bila mtu kumtaja mama.

— Ni mtu mzima, alisema Waziri.

— Sikukuuliza wewe.

Pastory alikumbuka siku aliyopeleka posa kwa kina binti, Kiabakari: sketi ya bluu ya shule ya msingi ilikuwa kambani, bado inachuruzika maji. Hakuuliza ni ya nani.

— Nitamuuliza mwenyewe, sista.

— Kamuulize, alisema Hyasinta. Akizinduka.