Bwana U na Maneno Yasiyoshikika

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya baba yangu mzazi, nami ni binti yake wa pekee, kwa hiyo lawama zote nileteeni mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi ya jirani, kisha chuo cha ualimu, na tangu Januari 1970 hadi alipostaafu mwaka 2007 alifundisha fasihi katika sekondari ya wavulana, ambako walimbandika jina la Bwana U, kwa sababu alipiga marufuku kwenye insha maneno upendo, uchungu, uzuri na ndugu zao wote wasioshikika, akisema mwandishi asiyeweza kuonyesha na afunge mdomo. Aliyeuliza kama ukuta nao umekatazwa alisimamishwa akiutazama mpaka kengele ya kutoka.

Alifunga ndoa na mama tarehe 12 Desemba 1975, na siku hiyohiyo mama alipomwambia anampenda, alimjibu kwamba hiyo ni sentensi ya mvivu, amwonyeshe, basi mama akamwonyesha maisha yake yote, kwa kola zilizonyooshwa, kwa chai iliyochujwa mara mbili, kwa kumfungia kamba za viatu mgongo wake ulipogoma, akingoja naye aonyeshwe chochote, akaambulia patupu. Mimi nilizaliwa mwaka 1978, na nilipoandika kwenye insha kwamba bibi amefariki na nina huzuni, baba aliisahihisha nyumbani, akaikata huzuni kwa wino mwekundu, akanipa nne kwa kumi. Nilimchukia, ingawa kuhusu insha alikuwa sahihi.

Mwezi Mei mwaka huu alipatwa na kiharusi, akalazwa, na Jumanne iliyopita, ulimi ukiwa mzito, alimshika mama mkono, akamwuliza kama bado anampenda. Mama alimfuta mate, akamnyooshea shuka, akamjibu, "Mwalimu, hayo si ya kusema," akaketi. Baba aliendelea kumkodolea macho, akingoja, mpaka akakata roho. Mkuki kwa nguruwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti, na walimu wenzake mliomvumilia, na hilo si jambo dogo. Desturi inanitaka nimtakie amani, lakini nayo haishikiki, angeikata. Pumzika, baba, amani tunamwachia mama.