Dokta Wenceslas Anastaafu, na Barua ya Vanessa Haijaandikwa

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika hospitali yetu, Dokta Wenceslas Nsabimana anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni. Kamati ya sherehe iliniomba mimi Mukabera, mkuu wa wauguzi, niandike wasifu wake kwa ajili ya programu hii mnayoisoma mkisubiri chakula. Waliniambia niandike maneno matamu. Matamu yapo na nitayaandika. Lakini nimekasirika, na mimi sina ufundi wa kukasirika kimyakimya, kwa hiyo mnivumilie.

Dokta alikulia Bukavu, ng'ambo ya mto, katika familia ya Wanyarwanda walioishi huko miaka mingi. Alirudi nchini akiwa kijana mwembamba, na koti jeupe lililompwaya mabegani. Tulidhani atakaa mwaka mmoja kisha akimbilie Kigali kama wenzake. Hakuondoka. Enzi hizo wagonjwa wa Nkungu na Gitambi walifika wakibebwa kwa machela, wamelowa wao na wabebaji wao. Dokta aliwapokea mlangoni mwenyewe, na baada ya kumlaza mgonjwa aliwauliza wabebaji kama wamekula.

Kabla yake, mama aliyeshindwa kujifungua alipakiwa kwenye gari na kupelekwa mbali, na wengine hawakufika. Dokta alipigania chumba cha upasuaji mpaka wakubwa wakachoka kumwona ofisini mwao, wakampa. Huko Giheke kuna watoto kadhaa wanaoitwa Wenceslas, na wawili kati yao ni wasichana. Wazazi hawakutaka kusikia ushauri wa mtu.

Ana kichwa kigumu, hilo kila mtu analijua. Alipopiga marufuku simu wodini, ya kwanza kulia ilikuwa yake, tena kwa rumba ya Kilingala, katikati ya ukaguzi wa wagonjwa. Wagonjwa walianza kutikisa mabega. Dokta alinikabidhi simu ile, akakataa kuichukua mpaka jioni, na Maman Charlotte mkewe alipopiga kuuliza kama anakuja kula, nilimjibu mimi. Tulimpenda kwa ukaidi huo. Sasa ukaidi huohuo ndio ulionipandisha presha mwezi huu.

Vanessa mnamfahamu, muuguzi wetu wa chumba cha upasuaji. Kesi ikiwa ngumu, Dokta humwita yeye kwanza. Ni Dokta huyuhuyu aliyemwambia, mbele yangu, kwamba mikono yake isiishie kumpa mtu mwingine mkasi. Msichana akalishika neno hilo. Ameomba nafasi katika chuo cha udaktari. Chuo kinataka barua ya daktari aliyefanya naye kazi, yenye sahihi yake na muhuri wa kazini. Maombi yanafungwa Jumatatu. Muhuri Dokta anaurudisha leo jioni. Hakuna daktari mwingine hapa anayemjua Vanessa hivyo. Waliobaki wamekuja juzijuzi.

Basi barua ikaombwa, na ikaombwa kama sisi watu wa huku tunavyoomba jambo zito kwa mkubwa. Mwenye shida hafungui kinywa. Maman Antoinette, mama yake Vanessa, anayevuka mpaka kila siku na bidhaa zake za Bukavu, alimtuma kwanza shemeji yake Fabien. Fabien alimsifu Dokta mpaka akasahau kilichompeleka, akaaga. Akafuata katekista, ambaye alianza na sala. Mwishowe Maman Antoinette alikwenda mwenyewe na beseni la sambaza, dagaa wetu wa ziwani, tena wale wazuri, waliokaushwa vizuri. Dokta alishukuru, akawapeleka sambaza jikoni kwa wagonjwa, na barua hakuandika.

Nilimfuata ofisini kumuuliza sababu. Akanijibu: “Muntu anataka kuwa dokta, anakuja yeye mwenyewe. Siku mugonjwa atatokwa na damu, atamutuma shemeji?”

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Neno lake lina haki, ndiyo maana liliniudhi zaidi. Lakini kila Noeli ametusimulia jinsi baba yake, fundi seremala, alivyovaa koti la kanisani akaenda kumwombea barua kwa daktari wa misheni, na yeye kijana akabaki nje juani akichezea kofia. Siku ile nani alitaka udaktari, yeye au seremala? Kama daktari wa misheni angekuwa na roho ya Dokta wetu, leo tungekuwa tunamuaga fundi wa madirisha.

Haya, nikamsukuma Vanessa aende mwenyewe. Aligonga, akaingia, mimi nikiwa naye. Dokta hakuinua hata macho.

“Nani alikutuma?”

“Ni Maman wa nyumbani, Dokta.”

“Basi Maman aende kusoma.”

Akaendelea kuandika. Nilitoka pale na hasira yangu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Maman Antoinette na beseni lake, nikamvuta Vanessa kwenye chumba cha dawa nikamgombeza mpaka nikaishiwa maneno. Akafuta machozi, akasema: “Maman Mukabera, nisimame mbele ya Mzee kama ule niseme ‘nataka’? Batasema sikulelewa.”

Hapo ndipo tulipokwama, wandugu. Mmoja anasubiri neno, mwingine amefundishwa tangu utotoni kwamba neno hilo ni utovu wa adabu. Wote wawili wanaona wanafanya vizuri, na Jumatatu inakuja. Mimi sikuajiriwa kuzika ndoto ya mtu kwa sababu ya heshima.

Katika programu, baada ya chakula, mtaona pameandikwa “Neno la wafanyakazi”. Neno hilo lilikuwa langu. Nimempa Vanessa. Mama yake amealikwa, na ameniahidi hatanyanyuka kitini.

Sasa nasema nawe, Dokta, maana nimechoka kukusema pembeni. Msichana huyu akisimama, usimuulize nani alimtuma. Muulize anataka nini, halafu nyamaza, umpe muda. Neno ‘nataka’ hajawahi kulitamka mbele ya mtu mzima. Asipolisema, sitamsemea, na hakuna mtu ukumbini atakayemsemea. Akilisema, usipige makofi, usitoe hotuba. Ufunguo wa ofisi bado unao. Nenda ukaandike, keki itakungoja.

Asante kwa akina mama waliorudi nyumbani na watoto wao. Asante kwa kutokimbilia Kigali, na kwa kutufokea mpaka tukajua kazi. Tutakukumbuka, na baadhi yetu tutapumzika kidogo. Wewe na Maman Charlotte tunawatakia maisha mema, yenye afya na usingizi mrefu. Lakini maisha hayo yaanze kesho, Dokta. Leo bado uko kazini.