Fundi wa Taa Aliyelisimamisha Jiji kwa Vibao

Marehemu, ambaye jiji zima lilimwita Mzee Simama, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Wasifu huu umesimuliwa na mkewe na kuandikwa na binti yao. Mashemeji walimsihi mkewe akubali iandikwe kwamba marehemu ameacha wajane wawili, ili watu wasinong'one makaburini. Alikataa, akajibu kwamba watu watanong'ona tu, afadhali wanong'one wakiwa na habari kamili.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni. Akiwa darasa la nne aliifungua kengele ya umeme ili aone inavyolia, na alipoirudisha ililia kutwa nzima. Mwaka 1977 alihitimu chuo cha ufundi wa umeme, na mwaka uliofuata idara ya barabara ya jiji ikamwajiri kutunza taa za kuongozea magari.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984. Siku hiyo taa za makutano ya benki ziliganda kwenye nyekundu, na bwana harusi akashuka garini na suti yake kwenda kuzitengeneza. Bibi harusi alingoja. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 2009. Taa za katikati ya jiji zilikuwa zimechoka, na marehemu aliona kwamba zikizimika magari huenda vizuri kuliko zikiwaka. Akamfuata mhandisi mkuu.

"Bosi, tuzifunike."

"Tuzifunike na nini?"

"Magunia. Halafu kila pembe tuweke kibao cha simama. Aliyefika kwanza, apite kwanza."

Akapewa miezi mitatu ya majaribio. Asubuhi ya kwanza madereva walisimama kama walivyoagizwa, na wakaendelea kusimama. Dereva wa lori la saruji alimpungia mkono mama mmoja mwenye gari dogo. "Pita, shangazi."

"Sipiti, mwanangu. Nikipita utanigonga."

Honi zilipozidi, marehemu aliingia katikati ya barabara akauliza nani amefika kwanza. Madereva wa pembe zote nne wakanyoosha mikono, hata shangazi. Ilibidi awapange mmoja mmoja kama watoto wa chekechea. Lakini baada ya wiki chache foleni zilipungua, na watu waliokuwa wakitukanana madirishani wakaanza kusalimiana. Hakuna aliyegongwa, isipokuwa kibao kimoja kilichogongwa na gari la idara yenyewe.

Kibao hicho kilichopinda alikuja nacho nyumbani, akakipigilia karibu na mlango wa bafu.

"Baba, nimefika kwanza mimi," mtoto alikuwa akilalamika.

"Ulisimama lakini?"

"Nilisimama."

"Basi pita."

Ili kuyahesabu magari, marehemu alihitaji mahali pa kukaa. Alichagua duka la miwani lililokuwa pembeni ya makutano ya benki, ambako mwenye duka, mwanamke mchangamfu, alimwekea kiti dirishani. Majaribio yaliisha baada ya miezi mitatu na jiji likayakubali. Marehemu aliendelea kuhesabu kwa miaka mingine sita. Alirudi nyumbani na miwani mpya mara tatu, ingawa hakuna daktari aliyewahi kusema haoni.

"Baba watoto, hayo magari hayajaisha tu?"

"Bado kidogo, mke wangu. Takwimu hazijatulia."

"Miwani tatu, na bado huoni njia ya nyumbani."

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kusumbua. Mkewe alimuuguza, akamwosha, akamgeuza kitandani, na chakula alichokisusa akakila mwenyewe. Siku tatu kabla ya mwisho, yeye na mwenye duka la miwani walikutana kwenye mlango wa wodi. Nesi akawazuia: mgonjwa aonwe na mmoja mmoja.

"Mimi ndiye wa kwanza," mwenye duka akasema. "Nimekaa getini tangu asubuhi."

Mkewe akachungulia ndani. "Baba watoto, sheria yako inasemaje?"

"Aliyefika kwanza, apite kwanza," mgonjwa akasema kwa sauti ndogo.

"Basi, nesi, mimi nimefika mwaka themanini na nne."

Nesi akafungua mlango. Marehemu alicheka mpaka akakohoa, kicheko ambacho nyumba yake ilikuwa imekisahau. Akamshika mkewe mkono.

"Nilikungojesha."

"Sana."

Alifariki asubuhi ya tarehe 5 Juni 2023.

Ameacha mke mmoja, watoto wanne, wajukuu saba, na katikati ya jiji kusikokuwa na taa hata moja. Wakati wa kuweka udongo ataanza mkewe, wafuate watoto, kisha wajukuu. Mwenye duka la miwani naye yupo, na mkewe hakumkatalia, maana marehemu alimpenda na hilo halifichiki. Anaombwa tu akifika kaburini asimame kabisa, aangalie kulia na kushoto, na akiona waliomtangulia wamekwisha, apite.

Mzee Simama, sasa umesimama. Pumzika kwa amani, hakuna anayekupigia honi.