Kichwa cha Breki na Chupa Mbili

Benchi letu limeegemea kibanda cha fundi viatu. Miguu mitatu ni ya mbao, wa nne ni tofali. Hapo hakuna anayejua jambo kwa uhakika, na hakuna anayekubali kusema hajui. Wakaaji wa kudumu ni Soli, mwenye kibanda. Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye wateja wakimkosa dukani wanajua pa kumfuata. Brashi, mchora mabango. Na mimi, fundi saa, ambaye saa yangu mwenyewe imenishinda. Asubuhi ile kahawa ndio kwanza imemiminwa, mara akatokea Breki, dereva, kavaa kofia ya sufu mpaka machoni na jua linachoma.

Soli: Vipi Breki, unaumwa?

Breki: Siumwi. Nipe kahawa.

Wembe: Vua kofia kwanza.

Breki: Sivui.

Brashi akaivuta kwa nyuma. Sisi si watu wa huruma. Tulicheka mpaka Soli akatema misumari aliyokuwa ameibana mdomoni. Nywele za Breki zilikuwa za njano pembeni na rangi ya chungwa utosini. Sharubu na nyusi nazo njano.

Breki: Chekeni. Saa nane nina usaili shuleni, kazi ya kuendesha basi la watoto. Kule kwenye malori wamesema wanataka damu changa. Miaka ishirini na sita sijagonga hata kuku, leo naambiwa damu yangu imechacha! Nikaona nipake piko, nifiche mvi, nipunguze umri.

Mimi: Piko nyeusi ndiyo imetoa hiyo?

Breki: Boksi lilikuwa na chupa mbili. Nikapaka ile kubwa, nikakaa nayo dakika arobaini na tano.

Wembe: Na ndogo?

Breki akanywa kahawa.

Wembe: Breki, ile ndogo uliifanyia nini?

Breki: Nilidhani manukato. Zawadi ya mnunuzi.

Soli: Ukajipaka wapi?

Akavua tai na shati, akanyanyua mkono taratibu. Kwapa lilikuwa jeusi tii.

Wembe: Mungu wangu! Ile kubwa ni dawa ya kufungua nywele, ndogo ndiyo rangi yenyewe. Umefungua mlango wa mbele, halafu mgeni umemkaribisha kwapani!

Kinyozi alitakiwa aishie hapo, amshike mtu mkono ampeleke kwenye kiti. Lakini benchini kila mtu ana elimu yake.

Soli: Hilo dogo. Nina kopo la dawa ya viatu, nyeusi. Nampaka, nampiga brashi, anang'aa. Watoto watajitazama humo kabla ya kuingia darasani.

Breki: Nikitoka jasho je?

Soli: Usitoke.

Brashi: Achana naye. Mimi ndiye mtu wa rangi. Chungwa dawa yake ni bluu, zikikutana zinauana. Leta bluu ya kufulia.

Soli: Mtu wa rangi! Bango la bucha umechora ng'ombe wa miguu mitano.

Brashi: Ule ni mkia, mara ngapi nikwambie?

Na mimi, sijui nililitoa wapi, nikasema weusi ulioko kwapani haujapotea. Ajifunike nailoni, akae juani nusu saa, joto litauvuta upande kwa mishipa ya shingo mpaka kichwani. Wembe, kinyozi mzima, akatikisa kichwa kwa heshima akasema hilo nalo amewahi kulisikia.

Akashinda Brashi, kwa sababu dukani bluu ilikuwepo. Tulimmwagia Breki ndoo nzima, tukamsugua, tukasubiri. Palipokuwa na njano pakawa kijani kama majani mabichi, na utosi ukawa na rangi ambayo hata Brashi hakuweza kuitaja.

Soli: Zimeuana kweli.

Hatukupata muda wa kucheka. Breki alikaa chini, siyo kwenye benchi, chini kabisa.

Breki: Shemeji yenu hajui kama malori wameniondoa. Mwezi wa pili huu. Kila asubuhi ananipasia shati, nafunga viatu, namuaga, halafu nakuja kukaa hapa na nyinyi. Leo nilitaka nirudi nyumbani na neno la kweli.

Niliona aibu, tena aibu ya kuuma. Wembe akanyanyuka, akaleta mashine yake.

Wembe: Nanyoa zote.

Breki: Na nyusi?

Wembe: Nazo. Utatembea na nyusi za kijani?

Alipomaliza na Breki akavaa tena, alikuwa kama yai lililovaa tai. Lakini yai safi. Tulimpangusa shingo, Soli akamsafishia viatu, tukaanza kumsifia kwamba amerudi miaka ishirini nyuma.

Ilikuwa haijatimu saa sita alipokuja mama mmoja wa makamo, kashika faili.

— Hamjambo, wazee. Natoka shuleni. Kuna dereva alileta barua juzi, akaandika anapatikana hapa.

Breki akasimama wima.

— Ni mimi, mama.

Yule mama akamtazama, akalitazama faili, akamtazama tena.

— Hapana, baba, si wewe. Mwalimu mkuu alimwona kwa dirisha. Vijana wote kawakataa, wazazi wamechoka na mbio zao. Kasema hakuna haja ya usaili, nimlete yule mzee mwenye mvi, aanze leo hii.

— Ndiye mimi. Leseni yangu hii hapa.

Mama akaipokea. Picha ni ya miaka kumi na tano nyuma. Breki ana nywele nyeusi mpaka zinameta.

— Na huyu naye hana mvi, akasema. Hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu.

— Basi niambieni, baba zangu. Mvi zake ziko wapi?

Wembe akaitia mashine mfukoni. Brashi akaificha ndoo nyuma ya benchi. Soli akasogeza mguu polepole, akalifunika kwa kiatu lile lundo la nywele za kijani.